Foronya ya Mjukuu

Bi Zuwena aliupapasa mkeka tena, asiione sindano. Uzi wa kijani ulikuwapo na mkasi ulikuwapo, ila foronya aliyokuwa akimdarizia mjukuu wake haikuwapo.

"Mwanahawa," alimwita mke wa mwanawe, "ile foronya iko wapi?"

"Nimemlaza mtoto juu yake, mama. Maua yamependeza, nikaona nisingoje."

Bi Zuwena akainuka mkekani. Jani moja lilikuwa halijamalizika, naye hakukumbuka sindano aliichomeka wapi. Macho yake yalikuwa yakififia tangu mwaka jana na hakumwambia mtu, maana wakijua watamnyang'anya kazi yake. Sasa hakujali nani atajua.

"Sindano siioni," alisema. "Siku hizi sioni vizuri, mwanangu."

Alikimbilia chumbani, bega likagonga mlango, akamnyanyua mtoto kutoka kwenye mto na kumkumbatia. Mwanahawa aliivua foronya, akaipindua nje ndani, akaipapasa ua kwa ua.

"Haimo, mama," alisema mwishowe, akakaa kitandani. "Hamna kitu humu."

Bi Zuwena akashusha pumzi. Hapo ndipo aliposikia kitu kikimchoma juu ya titi, akakumbuka. Alipoitwa kula aliichomeka kifuani, kwenye gauni, kama alivyozoea tangu ujana wake.

Alisimama vilevile, hakuthubutu kusogeza hata mkono. Mtoto akaamka, akafumbua kinywa, akaanza kugeuza uso huku na huku kifuani pake, akitafuta ziwa.