Nyota za Fundi Saa

Mgahawa mzima ulikuwa mtupu, lakini fundi saa alikalishwa kwenye mlango wa jikoni. Kila mlango ulipofunguliwa ulimgonga kiwiko.

"Meza zote hizi," alinong'ona, "wameona hii ndiyo saizi yangu?"

"Baba watoto, usianze," alisema mkewe. "Hata maji hatujanywa."

Mkewe alimjua. Mchana kutwa mumewe alijiinamia dukani na bisibisi yake ndogo, akifungua saa za watu, mpole, neno halimtoki. Jioni akikanyaga mgahawani anageuka mtu mwingine. Mlaji ana haki zake, alisema, na anayenyamaza ndiye anayetuponza wengine. Kwa hiyo kila alipokula aliandika kwenye simu, watu wote wasome, akatoa na nyota. Siku zote ilikuwa nyota moja.

Wala hakuwa mtu wa kusahau. Wahindi aliwapa moja: mikate inaletwa ya moto inaunguza vidole, na ukimaliza wanakuongezea bila kukuuliza, kana kwamba kwenu hakuliwi. Wachina moja: sahani ya mtu mmoja inashibisha ukoo, unajikuta unalegeza mkanda mbele ya mama mkwe. Wajapani nao moja: samaki mbichi kabisa, utadhani katoka majini sasa hivi.

Na watu walivyo wakaidi, waliendelea kwenda! Jioni hiyo yeye na mkewe walikosa kiti kwa Wahindi, wakakosa kwa Wachina, ndipo wakaangukia hapa, kwenye mgahawa mpya wa chakula cha Kithai.

"Naandika mpaka kidole kinaota sugu," alilalamika. "Watu hawana masikio."

Mwenye mgahawa alikuwa dada mmoja mwembamba. Yeye alihudumia, mumewe alipika. Alipomwona fundi saa akiingia alishika kifua, akakimbilia jikoni kunong'ona. Sasa alikuja na bakuli la supu lililojaa mpaka mdomoni. Alipolitua, likammwagikia fundi saa mapajani.

"Yesu na Maria! Suruali yangu!"

"Samahani, kaka." Kitambaa hakuleta. Macho yake yalikuwa kwenye simu iliyolala mezani. "Ni ya moto sana?"

"Inaunguza!" Alionja kijiko kimoja cha iliyobaki, akakohoa.

"Na pilipili? Imezidi?"

"Machozi haya unadhani nimefiwa?"

Dada akashusha pumzi, akaondoka. Jikoni sufuria ikalia kwa kishindo, kisha nyingine, kama watu wanaogombana.

"Ni mume wangu," alisema aliporudi na mlima wa tambi. "Ana mkono mzito."

"Hatukuagiza zote hizi."

"Kwetu hakuna kupunguza, kaka. Mtakula tu."

Fundi saa alisukuma sahani kando, akashika simu. Kidole gumba tayari kilikuwa juu ya ile nyota ya kwanza. Mkewe akamdaka mkono.

"Hebu mwangalie yule dada. Roho iko juu."

Kweli, alisimama karibu na kaunta akitafuna ncha ya aproni, hapepesi macho.

"Nimesikia habari zao saluni," mkewe aliendelea kwa sauti ya chini. "Waliacha kazi hotelini wote wawili, wakauza mpaka kitanda ili wafungue hapa. Mwenye nyumba kawaambia mwezi ukiisha hajaona watu mezani, anawatoa na sufuria zao."

"Haki ya mlaji..."

"Na haki ya anayepika je? Umewapigania walaji tangu nikujue. Leo, mume wangu, mara moja tu, mpiganie mwenye mwiko."

Maneno hayo yalimchoma. Alikumbuka duka lake la kwanza, na mwenye nyumba aliyeitupa meza yake barabarani, saa za wateja zikatawanyika vumbini, wapita njia wakizikanyaga. Alikuwa bado anakumbuka viatu vya mtu yule, kahawia, vya kung'aa. Akamtazama tena dada wa watu. Je, leo yeye fundi ndiye avae viatu vile?

Akafuta yote aliyokuwa ameanza kuandika. Akajipangusa uso, akaandika upya, kwa upole, akitafuta kila neno jema alilolijua:

*Mahali patulivu. Hakuna msongamano, utakaa peke yako kwa amani. Chakula ni cha kiasi, hakilemei tumbo. Hakina moto wa kuunguza wala pilipili ya kukutoa jasho.*

Kisha nyota. Ya kwanza, ya pili, akaenda hivyo mpaka akazimaliza zote tano. Hajawahi. Alijisikia mwepesi, kama aliyetua gunia.

"Ndiyo maana nilikubali posa yako," alisema mkewe, naye akitafuta leso.

"Dada, njoo," aliita fundi saa, akamgeuzia simu. "Soma. Usiogope."

Dada alisoma huku midomo ikicheza. Alipofika mwisho akakaa chini sakafuni. Mumewe akatoka jikoni mbio, sufuria kila mkono.

"Kaandika nini?"

"Tano," alisema dada, na kilio kikamtoka.

Sufuria zikaanguka. Fundi saa akatabasamu. Maisha yake yote hakuwahi kushukuriwa namna hii.

"Basi, basi, msilie. Ni wajibu wangu tu."

"Kaka," alisema dada kutoka sakafuni, "wenzetu wote umewatukana, leo hawana pa kuweka wateja. Sisi tumekubana mlangoni, tumekumwagia supu, mume wangu kapiga sufuria mpaka mkono umekufa ganzi. Tumekosea wapi, hata utunyime nyota moja?"