Nyumba Iliyorukwa

Haya nilisimuliwa na Persa, jirani yangu wa upande wa kisimani, mwaka jana tulipokuwa tunachoma pilipili za kuweka akiba. Aliyaona kwa macho yake, maana kibuyu chenyewe kilipita mikononi mwake.

Milisav, mzee mjane jirani yake, alikichonga majira yote ya baridi. Mti wa mjozi, bapa kama mkate, na chini ya shingo akaweka kindege kidogo, alama yake. Alipomaliza akakijaza rakia, pombe kali ya matunda, ile aliyoifukia bustanini siku binti yake Vida alipozaliwa.

"Mpelekee," akamwambia Persa. "Usiseme kimetoka kwangu."

"Na hicho kindege nacho nikizibe mdomo?"

Vida alikuwa anaolewa Jumapili. Watu wa mjini aliwapelekea kadi za kuchapisha, alizichagua nyeupe zenye ukingo wa buluu. Lakini kijijini kwetu nani atoke nyumbani kwa ajili ya karatasi? Mwalikaji huzunguka na kibuyu. Unapiga funda, unafunga ua au leso shingoni mwa kibuyu. Ukishaonja umekubali, hata ukiugua utakuja na kitanda chako.

Vida alikipokea. Akakigeuzageuza, akakitazama kile kindege, akakivisha leso aliyoitarizi marehemu mama yake.

"Lakini amekipokea?" Milisav aliuliza mara tatu.

"Amekipokea, mwanamume wewe! Sasa nyoa hizo ndevu. Jina lako lilishachongwa kwenye jiwe la kaburi, kando ya la mkeo, siku tulipomzika; usilifuate kabla ya harusi."

Miaka mitatu baba na binti walikuwa hawasemezani. Siku Vida alipoondoka kumfuata kijana ambaye mzee hakumtaka, Milisav alisimama langoni akapiga kelele kijiji kizima kikasikia: "Ukivuka hapa huna baba! Kuanzia leo hesabu nimekufa!" Binti akavuka. Tangu hapo mzee alikula peke yake, mezani kuna viti vitatu.

Alhamisi Tika, fundi wa matrekta, ndiye aliyezunguka kualika, kibuyu kifuani kimejaa maua. Milisav alikuwa ameshaweka kiti langoni, amevaa suti, leso ya kufunga ameishika mkononi. Tika akaingia kwa Persa. Akatoka. Akampita mzee, akashika njia ya kwa mwalimu.

"Tika! Umeruka nyumba, ndugu yangu."

"Sijaruka, mzee." Tika akaangalia viatu vyake. "Vida kasema hapa nisiingie. Kuna watu atakwenda kuwaalika mwenyewe."

"Mwenyewe?" Milisav akashikilia mgongo wa kiti. "Persa, unasikia? Anakuja mwenyewe!"

Persa alisikia. Akajifanya anafukuza kuku.

Mzee hakubanduka pale. Ijumaa mvua ikamnyeshea, akavaa koti la mpira juu ya suti. Persa akamletea supu, ikapoa mikononi mwake.

"Ingia ndani, utaumwa kifua."

"Akija akakuta lango limefungwa je?" "Persa, asinisamehe kama hataki. Anialike tu. Niwekeni huko nyuma kabisa, na walevi, karibu na choo. Sitafungua mdomo."

Jumamosi mchana Vida akatokea barabarani, peke yake, na kibuyu. Mzee akasimama, akavua kofia.

Vida akapita. Hata shingo hakugeuza. Akapanda njia ya makaburini, maana kwetu hata wafu hualikwa, na mama yake naye ilikuwa lazima aalikwe.

Milisav akamfuata kwa mbali, Persa akimvuta koti kwa nyuma.

"Niache! Nitampigia magoti hukohuko!"

Lakini walipofika kwenye kibanda cha kuwashia mishumaa ya wafu akasita. Akajibanza ukutani, kofia ameibana kifuani.

Vida akamimina rakia juu ya jiwe. "Mama, ni kesho saa tano. Njoo."

Kisha akasogea hatua moja, upande wa pili wa jiwe lilelile, palipochongwa jina la mume na mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa kufa bado. Akamimina tena, polepole, mpaka herufi zikajaa.

"Na wewe, baba," akasema. "Usichelewe."

Akafunga kibuyu, akashuka zake.

Milisav akatoka pale ukutani. Akapiga magoti, akachovya kidole ndani ya jina lake, akakilamba.

Jua lilikuwa halijazama Persa alipochungulia dirishani kwa Milisav. Suti imetundikwa juu ya jiko inakauka, viatu vimepigwa rangi na kupangwa mlangoni, na mzee amelala fofofo.