Sauti ya Kiti cha Wakesho

Siku hizi sheria inataka kila kiti cha magurudumu kiwe na sauti ya mwenyewe. Ukikishika bila ruhusa, kinakusema.

Kiti kipya cha Wakesho kilikuwa cha milimani, chenye matairi mapana na vyuma viwili vya kuvuta kwa mikono. Asubuhi mumewe, Mwakio, alikaza nati na kutia upepo uani, huku Wakesho amejifungia chumbani akirekodi maneno yake. Kisha wakaenda kwa kina Mwakio.

Njia ilikuwa mawe matupu. Wakesho alivuta vyuma, akapanda polepole. Huko juu mama mkwe na mashemeji walisimama wakitazama, na Mwakio akaona aibu kungojewa hivyo. Akakishika kiti kwa nyuma, akasukuma.

“Mwakio,” kiti kikasema kwa sauti ya mkewe, “si nilikuambia uniulize kwanza?”

Wote walisikia. Wakesho hakuwa amefungua mdomo. Aliendelea kuvuta mpaka akafika, akampa mama mkwe mkono.

Mwakio akamfuata, uso ukimwaka. “Nisamehe, mke wangu,” akanong'ona, na bila kufikiri akaegemea kiti.

“Tutaongea nyumbani,” kiti kikajibu.