Chupa ya Saba

Chupa sita ziliandikwa namba kwa wino mweusi. Ya saba haikuandikwa. Yuleidis aliligundua hilo mwezi wa Aprili, lakini hakuuliza. Mbele ya Dairo ulimi wake ulilala usingizi wa pono.

Kila Alhamisi ya mwisho wa mwezi, Dairo alitoka mjini kuja kuchota matope ya kinamasi katika sehemu saba, yakapimwe maabara. Alikuwa akitafuta zebaki inayoteremka na mto kutoka machimbo ya dhahabu, na madini ya risasi pia. Yuleidis alimpigia kasia na kumshikia chupa.

Sehemu sita zilishapata majibu: mbili mbaya, nne afadhali. Watu wakaambiwa waachane na moncholo, samaki anayekula wenzake, wabaki na bocachico, asiyekula samaki. Sehemu ya saba tu, nyuma ya nyumba ya bibi yake Yuleidis, ndiyo iliyokosa jibu.

"Hii ya saba inanichanganya," Dairo alisema kila mara, akijikuna shingo. "Itabidi nirudi."

Yuleidis alirudi nyumbani akicheka peke yake, siku moja hadi akagonga bata wa jirani kwa kasia.

"Tope gani hilo?" jirani huyo, Tomasa, alipiga kelele kutoka kibarazani. "Mtu anakwenda kuchota matope kajipulizia manukato!"

Bibi Eudocia hakuwa na hamu ya kucheka. Kimia chake kilikuwa kikirushwa kinaelea kama shuka, na bocachico wanapita chini yake bila wasiwasi.

"Kuna mwizi wa chubwi!" alifoka. "Kimia hiki kilikuwa na chubwi arobaini za kukizamisha. Leo ishirini na tatu! Mwizi gani anaacha kuku anachukua chubwi?"

"Mamba huyo, comadre," Tomasa akamwambia shoga yake. "Kang'oka meno, anajitengenezea ya bandia."

Alhamisi ya Agosti, Dairo alipanda mtumbwini bila manukato.

"Leo ndiyo mwisho," alisema. "Mradi umefungwa."

Kasia likamponyoka Yuleidis. Waliliwahi wote wawili kwa pamoja, mtumbwi ukazunguka kama pia, wakaloa mpaka masikioni. Walicheka hadi korongo wakaruka.

Walifika sehemu ya saba. Dairo alichota tope, akajaza chupa, akampa. Yuleidis akageuka kuifunika, kama kawaida yake, taratibu.

"Usijisumbue kuifunika, Yuleidis."

"Kwa nini?"

"Hapa ni safi. Jibu lilitoka Machi." Masikio yake yalikuwa mekundu. "Tangu hapo chupa hii sijaipeleka popote. Nikishakuacha nyumbani, naimwaga pale kwenye kona ya mto. Nilikuwa natafuta sababu tu."

Yuleidis aliitazama chupa. Kicheko kikampanda kutoka tumboni, kikamshinda, mtumbwi ukaanza kuyumba tena. Kisha akafungua kiganja cha pili. Ndani yake mlikuwa na vumbi la kijivu na kipande cha chubwi kilichokwanguliwa kwa tupa.

"Na mimi," alisema, kwa sauti ambayo hata yeye hakuwahi kuisikia, "tangu Aprili, kila mwezi nilikuwa natia risasi ya chubwi za kimia cha bibi kwenye chupa yako, isije ikawa safi ukaacha kurudi."