Viatu Mlangoni mwa Seva

Kwa miaka tisa hakuna aliyeingia na viatu chumba cha seva. Fundi Mwinshehe alishawaambia kwamba vumbi la soli moja tu lingezima ofisi nzima, nao wakaamini, hata mkurugenzi akawa anavua mpaka soksi.

Siku ya kuihamishia seva ghorofani, wanaume wanne waliipandisha ngazi pekupeku, wakihema kama waliobeba jeneza la chifu. Mwinshehe alitangulia akipiga kelele, "Polepole jamani! Ofisi yote imo humo!"

Bi Sikudhani, mfagiaji, akachungulia kutoka chini. "Fundi, mbona mtandao haujakatika? Huku watu bado wanatuma barua pepe zao."

Wabebaji wakasimama. Nyaya za seva zilikuwa zinaning'inia hewani.

Mwinshehe alijua. Mashine ile ilikufa mwaka wa pili, na tangu hapo kazi yote ilifanywa na kisanduku kidogo chini ya meza yake. Lakini angesema, nani angemvulia viatu tena?

"Nimedeki sakafu ile ya baridi pekupeku, na magoti haya," Bi Sikudhani alisema, wala hakupaza sauti. "Ungeninong'oneza mimi tu, mwanangu."

Wanaume wakaitua seva kwenye ngazi, wakashuka mmoja mmoja kwenda kuvaa viatu. Mwinshehe akabaki ameinamia vidole vyake vya miguu.

Bi Sikudhani akapanda taratibu, kandambili zake zikilia pa, pa, pa, mkononi kashika viatu vya fundi. Akaviweka mbele ya miguu yake, akavielekeza vizuri, kisha akasimama kumsubiri avivae.