Duma Aliyeona Haya Kuhema

Alikuwepo Duma mmoja mwenye watoto watatu, wote walaji. Kila alipomkamata swala alilala kando ya nyama akihema, mdomo wazi, mbavu zikipanda na kushuka, mpaka mapafu yake yashibe hewa. Watoto walikwisha kuzoea kumsubiri.

Siku moja Fisi alimkuta katika hali hiyo.

"Shemeji, ndiye bingwa wa mbio huyu? Unahema kama bibi aliyepanda mlima na gunia."

Duma akaona haya. Akafunga mdomo, akajikaza, akajifanya hajachoka. Mapafu yalidai hewa yasiipate. Macho yakaingia giza, miguu ikamlegea. Alipozinduka, Fisi alikuwa ameondoka na swala, na watoto wakalala na njaa.

Kesho yake Fisi alirudi. Duma alikuwa amelala kando ya swala mwingine, anahema.

"Bado tu, shemeji? Huoni aibu mbele ya watoto?"

Duma aliendelea kuhema, huku kitindamimba wake akimlamba sikio. Fisi alingoja azimie kama jana. Alipochoka kungoja, alimnyakua swala akakimbia naye. Kumbe pumzi za Duma zilikwisha kurudi.

Alimpata kabla hajafika kichakani. Fisi aliangusha nyama, akataka kujitetea, lakini ulimi ulikuwa nje na neno halikutoka.

"Hema kwanza, shemeji," Duma akamwambia kwa upole. "Mimi nawapelekea watoto chakula."