Nyongeza ya Ngiri

Enzi hizo wanyama wakiuziana wao kwa wao, mihogo yote ya bondeni ilipita kwa Ngiri, mkuu wa soko, kabla ya kuvushwa mto kwa Nyani. Mingi ilifika imeoza. Nyani wakilalamika, Ngiri alicheka tu, akawaambia vijana wake, "Waongezeeni!" Basi wakapewa nyongeza, mibovu juu ya mibovu.

Nungunungu, mmoja wa wakulima wa mihogo hiyo, aliona haya. Akamenya yake, akaikausha juu ya mwamba, ikawa makopa meupe yasiyooza. Akampelekea Ngiri.

"We mama, unataka kutuumbua?" Ngiri akafoka. "Wakionja haya, yetu atanunua nani?"

"Si tukaushe wote, mzee?"

"Toka hapa!"

Wakamfukuza. Alivuka mto na jamvi lake la kuanikia. Makopa yake yakapendwa ng'ambo nzima. Mihogo ya bondeni ikawa inakataliwa, inamwagwa nje ya soko la Nyani. Mwishowe hata watoto wa Ngiri waliisusa, wakalilia makopa.

Ngiri akavuka hadi soko hilo kununua. Nungunungu akampimia sawasawa.

"Niongeze basi, mwanangu," Ngiri akabembeleza. "Si tumetoka kumoja?"

Nungunungu akatoka nje, akainama kwenye rundo la mihogo iliyokataliwa asubuhi ile, akachagua mmoja mweusi unaochuruzika maji. Akautumbukiza katikati ya makopa, akafunga gunia.

"Nyongeza yako hiyo, mzee. Imetoka nyumbani."